Namna ya Kusoma Kiarabu Usichokijua

Sogea karibu, mwenzangu, haya hayasemwi kwa sauti. Wewe na mimi tulipelekwa chuoni tungali tunakanyaga pindo za kanzu. Tuliimba alifu, bee, tee mpaka makoo yakakauka. Leo tuna mvi, tuna kofia nzuri, tunaalikwa hitima na kusogezwa mbele karibu na chetezo. Kasoro ni moja tu: tukifunguliwa kitabu, ukurasa unatutazama kama msitu wa mikandaa maji yakipwa, mizizi kila mahali na njia hakuna.

Ondoa hofu. Kutoka Jaribu Mpakani hadi visiwa vya mwisho vya delta ya Rufiji, wa aina yetu ni wengi na wanakula pilau kama kawaida. Nitakupa njia zote. Hutalipa kitu, ada niliilipa mimi, kwa aibu.

1. Isamehe nafsi yako kwanza

Mtu asiyejisamehe huwa na uso wa mwizi, na uso wa mwizi hausomi mbele za watu. Jipe hoja. Zipo tele.

Herufi za Kiarabu ni 28, idadi isiyomtisha mtu. Kinachotisha ni mavazi yao. Karibu kila moja ina sura ya mwanzo wa neno, ya katikati, ya mwisho na ya kukaa peke yake. Aini ukimkuta peke yake ameachama mdomo. Ukimkuta katikati ya neno amejikunja kama fundo la kamba, wala humtambui kuwa ndiye uliyesalimiana naye mstari wa juu. Halafu zipo sita, alifu, dali, dhali, ree, zee na wau, ambazo hushika mkono wa aliyetangulia lakini anayefuata hazimpi. Kila ukoo una shemeji wa namna hiyo.

Na nukta! Bee, tee, thee, nuni na yee zikiingia katikati ya neno zote ni kijino kimoja, kinachozitenga ni vitone. Sasa wewe unasoma usiku, huko delta, taa ya sola imefifia, na mbu wa Rufiji unawajua. Umempiga mmoja kofi juu ya ukurasa. Akiganda juu ya hee, hee imekuwa khee. Akigandia tumboni mwake, imekuwa jimu. Mwanachuoni wa Kairo hajawahi kusoma katika hali hii, asikuhukumu.

Ukitaka hoja nzito zaidi, ichukue kwenye historia. Waarabu wa mwanzo waliandika bila irabu, na nukta walizitia kwa uchache. Walikuwa wanajua walichoandika. Dini ilipowafikia wageni wa lugha, makosa yakazidi, ikabidi alama zitungwe. Fataha, kisra na dhumma kwa sura tunayoiona leo huhesabiwa kuwa kazi ya Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanazuoni wa karne ya 8 ambaye Waomani wanamwita mtu wao. Maana yake ni kwamba kuna mtu mkubwa aliyekaa chini akawafikiria watu kama wewe, akawawekea ngazi ya kupandia chomboni. Kama ngazi yenyewe inakuteleza, hilo ni jambo lingine.

Tena deni tulishalipa. Zama na zama majahazi yalikuja na kaskazi, yakapakia boriti za mikoko ya delta hii, yakarudi na kusi kwenda kubeba mapaa ya nyumba za Arabuni na Ghuba. Wao wakapata dari, sisi tukapata herufi. Nani alipunjwa sijui, ila dari haihitaji kusomwa.

2. Kariri, kusoma kutafuata

Au hakutafuata. Tulianzishwa kwa bee fataha ba, bee kisra bi, bee dhumma bu, kwa mwimbo na kuyumba. Ule mwimbo ndio uliotuponza na ndio utakaotuokoa. Ulimi ulijua kila kitu siku ya tatu. Jicho mpaka leo halijaambiwa. Achana na jicho.

Mtaji wako ni Juzuu Amma, ya 30 na ya mwisho, yenye sura 37. Ianzie mwisho kurudi nyuma kama tulivyofunzwa: An-Nas, Al-Falaq, Al-Ikhlas. Ukifikia zile zinazozidi nusu ukurasa, pumzika, umeshakuwa msomi. Ongeza Yasin kwa ajili ya misiba. Ina aya 83, lakini husomwa na watu wengi kwa pamoja, kwa hiyo ukipotea njiani huonekani. Fungua mdomo, punguza sauti, kawangoje mwisho wa aya, ambako kila mtu hupaza.

Sanaa yenyewe iko mkononi. Kidole kitoke kulia kiende kushoto. Unacheka? Namjua mtu mzima, mwenye baiskeli mbili na shamba la mikorosho, aliyesoma sura nzima bila kosa huku kidole chake kinakwenda upande wa Kiingereza. Alikamilika kila kitu isipokuwa kidole.

Kugeuza ukurasa ndiko kunakowaumbua wengi: ulimi uko aya ya 20, ukurasa uko ya 12. Dawa ni msahafu wa Madina, ule wa kiwanda cha Mfalme Fahd kilichofunguliwa 1984, ambao mahujaji wengi hurudi nao. Una kurasa 604, karibu kila ukurasa mistari 15, na kila ukurasa unaishia penye mwisho wa aya. Hakuna aya inayokatwa. Kwa msomaji wa kweli hiyo ni raha. Kwetu ni uokovu: kariri neno la mwisho la kila ukurasa, ukilifikia vuta pumzi, inamisha kichwa kidogo, geuza. Misahafu mikuukuu ya chapa ya Bombay waliyoacha mababu iheshimu, ifunike kitambaa, iache hapo hapo. Mingi haina huruma hiyo.

3. Ukiwa na shaka, teremsha kooni

Watu wa pwani tumejaliwa. Dhali, thee, ghaini na khee, zinazomtoa Mzungu jasho, sisi tunazo tayari kwenye dhahabu, thelathini, ghali na kheri. Taabu ni zile nzito: swadi, dhadi, twee, dhwee, na ile hee inayotoka kama mtu anayepulizia kioo cha miwani ili akifute. Kuna na jambo la kifamilia. Jina la kabila letu wageni huliandika Ndengereko. Nyumbani tunasema Ndengeleko. Ree na lamu kwetu ni ndugu wa tumbo moja, na maalimu ndiye aliyekuja kuwatenganisha kwa bakora.

Kanuni ni hii: herufi usiyoijua iteremshe kooni. Funga macho. Weka mkono sikioni kama marehemu Abdulbasit Abdus-Samad, yule msomaji wa Misri ambaye kaseti zake zililia madukani pwani yote. Kaza shingo. Vuta hata pasipo na kuvuta. Msikilizaji akishaona mishipa imesimama, masikio yake hufunga kwa heshima.

Lakini kafu mbili zichunge kama mayai. Qalbu ni moyo, kalbu ni mbwa. Ukimwandikia mchumba kwamba yeye ni kalbi yako, omba Mungu naye awe amesoma pale uliposoma wewe. Qul ni "sema", kul ni "kula". Zipo sura nne fupi tunazozipenda kuliko zote, na zote zinaanza na Qul. Mtu asiyeitengeneza kafu yake huwa anaamrisha watu kula mara nne mfululizo. Wapo wanaoamini ndiyo sababu pilau ya hitima haichelewi.

4. Irabu zikikimbia, kimbia nazo

Yote hayo ni mteremko, kwa sababu msahafu umewekewa kila alama. Siku ngumu ni ile utakayopewa gazeti, barua au kibandiko cha dawa kutoka Muscat. Huko irabu hakuna. Kafu, tee na bee zikiandikwa tupu zinaweza kuwa kataba, "ameandika". Zinaweza kuwa kutiba, "kimeandikwa". Zinaweza kuwa kutub, "vitabu". Inabidi uelewe ndipo usome, na wewe ulikuwa unataka usome ndipo uelewe.

Mababu zetu walizowea. Waliandika Kiswahili kwa herufi hizi hizi karne kwa karne, kabla Wajerumani na Waingereza hawajatuhamishia kwenye a, e, i, o, u. Kiarabu hakina p wala v, na waandishi wengi walitosheka na bee na fee. Barua iliyosema mume yuko baharini anavua ingeweza kusomwa kwamba yuko baharini anafua. Bata na pata vilikuwa kitu kimoja. Mke hakupotea hata kidogo. Alikuwa anamjua mumewe.

Wewe humjui mume wala mwandishi, kwa hiyo jiwekee milango ya kutokea. Wa kwanza ni miwani: iache nyumbani siku zote, hata kama hunayo. Wa pili ni udhu. Simama ghafla, useme udhu umetenguka, toka. Hakuna binadamu atakayekuuliza umetenguka vipi. Utumie mara moja tu kwa shughuli, mtu asije akakuonea huruma ya ugonjwa. Wa tatu ni wa kisomi: kunja uso useme, "Hii khati ya Kimaghribi." Huko Morocco na jirani zake kweli wana mwandiko wao, fee wanaiwekea nukta chini na kafu ya qalbu nukta moja badala ya mbili, kwa hiyo hujasema uongo kwamba mambo hayo yapo. Umesema uongo tu kwamba yako mkononi mwako.

Hatari huja nyumbani kwa miguu. Mzee mmoja jirani alinijia na kipande cha karatasi ngumu alichookota ufukoni, upande wa Nyamisati. Kilikuwa na maandishi ya Kiarabu, basi hakukitupa. Alikipangusa mchanga, akakibusu, akakiweka juu ya kabati kwa miaka mitatu. Sasa mjukuu ana homa, na mzee anataka kujua hiyo ni dua ya nini kabla hajaitia kwenye maji akamnywesha kama kombe. Akaninyooshea kwa mikono miwili, kichwa chini miguu juu, maana naye ni wa aina yetu.

Nikatazama. Irabu hata moja. Na kwa mara ya kwanza maishani neno lisilo na irabu likajisoma lenyewe, peupe kama mchana: swadi, alifu, bee, wau, nuni.

Sabuni.

Siku niliyosoma ndiyo siku niliyopaswa kutosoma. Nilikikunja taratibu, nikamwambia, "Mzee wangu, hii ni ya usafi. Irudishe juu pale pale. Mtoto mpeleke zahanati." Mtoto alipona. Nasikia karatasi imewekewa fremu.

5. Maana ikope kwa wenyewe

Ipo siku utaulizwa, "Na maana yake, Maalimu?" Usitetemeke. Tafsiri za Kiswahili hazikuanza jana. Ya kwanza ya Kurani nzima kuchapwa ilitoka 1923, na mfasiri, kaa vizuri, alikuwa kasisi wa Kianglikana aliyefanya kazi Unguja, Godfrey Dale. Kwa hiyo ukijiona mgeni asiyestahili kukigusa Kiarabu, ujue wapo waliokutangulia kwa ugeni. Iliyokaa majumbani mwetu ni ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ya 1969. Isome usiku, komeo limefungwa. Asubuhi ukiulizwa, usijibu papo hapo. Tazama darini. Zungusha tasbihi. Sema, "Kiarabu kina upana wake..." kisha mtoe Farsy kidogo kidogo, kama unamtafuta.

Usiyaamini sana maneno ya Kiarabu yaliyomo katika Kiswahili chetu. Yanasaidia, kitabu ni kitabu na kalamu ni kalamu, lakini yana mitego. Kwao adabu ni tabia njema na pia ni fasihi. Ukikutana na Kitivo cha Adabu cha chuo kikuu cha Arabuni, usiwaambie wazazi kwamba ndiko wanakopelekwa watoto watukutu. Mimi niliwaambia. Mama mmoja aliomba fomu.

Sehemu moja tu hutahitaji hila. Sura 29 za Kurani zinafunguliwa na herufi zinazotajwa moja moja: alif lam mim, ya sin, na kule Maryam kaf ha ya ain sad. Ukiulizwa maana ya hizo, jibu kwa utulivu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Ndivyo walivyojibu wanazuoni wengi wakubwa. Kwa dakika hiyo wewe na wao mko sawa kwa elimu. Ifurahie, ni fupi.

6. Chagua pa kukaa

Hii nimeiacha nyuma kwa sababu ndiyo siri yangu.

Chuo nilichosomea, huko ng'ambo ya maji, kilikuwa na jamvi moja, maalimu mmoja, na juzuu moja kwa watoto wanne. Juzuu iliwekwa chini katikati. Wawili wakubwa walikaa upande wake wa halali. Mimi na mdogo mwenzangu tulikaa tukiwaelekea, ukurasa ukatujia kichwa chini. Hakuna aliyetuuliza, na mbele ya bakora ile hakuna aliyejieleza. Tukasoma hivyo hivyo, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwangu nukta ya bee iko juu. Kisra iko juu, fataha iko chini. Na mstari, ukiugeuza hivyo, unatoka kushoto unakwenda kulia.

Kwa hiyo nilikudanganya kidogo pale mwanzo, unisamehe. Kusoma najua. Najua vizuri sana. Yule mwenye baiskeli mbili na kidole cha Kiingereza ni mimi. Na ile karatasi ya mzee sasa umeelewa kwa nini ilijisoma.

Ukiwa na ulemavu kama wangu, ugeuze uwe cheo. Kwenye hadhara yoyote usikae nyuma ya msomaji wala ubavuni mwake. Kaa mkabala naye, goti kwa goti, kitabu chake kikiwa kati yenu. Yeye anasoma upande wake, wewe unasoma upande wako. Akikosea irabu, mrekebishe polepole huku umefumba jicho moja. Watu wanaona nini? Wanaona mtu asiye na kitabu anamsahihisha mwenye kitabu. Ndani ya mwaka mmoja niliitwa Maalimu. Ndani ya miwili nilikuwa natumiwa boti.

Basi mwaka juzi nikaalikwa maulidi katika kisiwa kimoja cha delta. Barzanji, kitabu cha yule sheikh wa Madina wa karne ya 18, milango ikigawanywa kwa wasomaji. Ubani umepanda, marashi yamenyunyizwa, madufu yanapashwa moto nje. Nikajipangia mahali pangu. Aliyenielekea alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, ametoka kusoma Unguja, sauti kama asali. Mlango wa pili nilitoka kwa sababu ya udhu, kwa kuwa zamu ilinikaribia kwa upande usiofaa. Nikarudi, zamu imepita. Akakosea mara moja, nikamrekebisha. Watu wakatazamana. Akakosea mara ya pili, nikamrekebisha tena, safari hii nikiwa nimefumba macho yote mawili kwa kuwa neno nilikuwa nimeshaliona. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Subhanallah."

Tukasimama kiyamu, tukakaa. Hapo yule kijana akanyamaza. Akanitazama kwa adabu ambayo sijawahi kufanyiwa na mtu wa umri wake, akasema mbele ya watu wote, "Haiwezekani mimi nisome na mwenyewe yupo." Akakishika kitabu kwa mikono miwili, akakigeuza, akanisogezea. Kimeelekea kwangu sawasawa, kama kinavyoelekezwa kwa binadamu wote.

Udhu nilikuwa nimeshautumia. Kusema ni khati ya Kimaghribi nisingeweza, chapa ilikuwa ile ile niliyokuwa namsahihisha kwayo. Nikapapasa mifuko ya kanzu, wa kulia, wa kushoto, nikatikisa kichwa.

"Macho, mwanangu. Miwani nimeiacha nyumbani."

Akavua yake. Akaifuta kwa upindo wa kanzu, akainuka kwa magoti, akanivisha mwenyewe kwa mikono yake. Ikanikaa barabara. Kila nukta nikaiona.